Jepesi, Zito, Pana: Mashtaka ya Dawa za Kulevya Yanayoongoza

Emali ni mji wa makutano. Barabara kuu ya Nairobi–Mombasa inapita hapa, ya Oloitokitok inachepukia hapa, na treni ya SGR ina stesheni yake. Polisi wakisimamisha basi na kufungua buti, swali huwa moja: "Begi hili ni la nani?" Jibu laweza kuamua miaka 50 ya mtu. Sheria ya dawa za kulevya ni moja Kenya nzima, ile ya 1994 iliyorekebishwa 2022, na kila mpita njia anafaa kuijua.

Shtaka jepesi zaidi: bangi ya kuvuta mwenyewe
Zamani lilikuwa na kifungo cha miaka 10. Tangu 2022 ni kifungo kisichozidi miaka 5, au faini isiyozidi shilingi 100,000. Ila mshtakiwa ndiye anayepaswa kuiridhisha mahakama kwamba bangi ilikuwa yake ya kutumia tu. Mwenye misokoto miwili mfukoni ana la kusema. Mwenye gunia atapata taabu.

Shtaka zito zaidi: ulanguzi
Ukipatikana na gramu 1 hadi 100, faini haipungui shilingi milioni 30, au kifungo cha miaka 30, au vyote viwili. Zikizidi 100, faini haipungui milioni 50 au mara tatu ya bei ya sokoni, yoyote iliyo kubwa, au miaka 50 gerezani. Gramu 100 hazifiki hata nusu ya robo kilo ya sukari.

Shtaka lenye mapana kuliko yote: ulanguzi huohuo
Si kuuza peke yake. Kununua, kumpa mtu, kuhifadhi, kubeba na kufikisha, yote yamo. Kijana wa boda boda anayetumwa na kifurushi asichokijua, na mama anayeombwa "nishikie hii hadi kesho", wako karibu na shtaka hili kuliko wanavyodhani.

Linaloshangaza zaidi: kuachilia nyumba
Mwenye nyumba au mpangaji anayeruhusu watu wavutie dawa humo anashtakiwa hata kama yeye havuti. Adhabu ni faini ya shilingi 250,000, au kifungo cha hadi miaka 10, au vyote.

La shambani: kukuza bangi
Miche iliyofichwa katikati ya mbaazi yaweza kumletea mkulima faini ya shilingi 250,000 au mara tatu ya thamani ya miche hiyo, au kifungo cha hadi miaka 20. Anayeruhusu shamba lake litumiwe naye hasalimiki.

Linalowalenga wenye sare
Tangu 2022, afisa wa usalama anayesaidia au kuficha makosa haya anakabiliwa na faini isiyopungua shilingi milioni 20, au miaka 20.

Mizigo mikubwa, safari ndefu
Desemba 2004 Kenya ilinasa kokeini ya zaidi ya tani moja, ikateketezwa 2006. Aprili 2014 manowari ya Australia, HMAS Darwin, ilikamata kilo 1,032 za heroini kwenye jahazi nje ya pwani ya Afrika Mashariki. Kesi ya mlanguzi Baktash Akasha wa Mombasa ilivuka bahari: mwaka 2019 alihukumiwa miaka 25 jijini New York.

Karatasi yenye uzito zaidi
Kesi ya dawa husimama kwa ushahidi wa maandishi. Sheria inataka dawa zipimwe mbele ya mshtakiwa inapowezekana, mkemia wa serikali athibitishe ni nini, na afisa aliyeidhinishwa atoe cheti cha thamani. Mwaka 2014 Mahakama ya Rufaa ilieleza kwamba kifungo cha maisha kilichokuwa kikitolewa kwa ulanguzi ni kikomo cha juu, na hakimu hakulazimika kukitoa.

Kwa hiyo, wewe unayesafiri: usibebe begi usilolifungua. Ukikamatwa, Katiba inakupa haki ya kunyamaza, kupata wakili, kuelezwa sababu kwa lugha unayoielewa, Kikamba kikiwemo, na kufikishwa mahakamani kabla ya saa 24 kupita, isipokuwa zikiishia nje ya saa za mahakama au siku isiyo ya mahakama. Usikubali kosa kizimbani, katika mahakama ya Makindu au kwingineko, kabla hujasomewa shtaka ukaelewa ni kifungu kipi na ni gramu ngapi.