Alumini katika Maisha ya Kila Siku (Sehemu ya Pili): Sufuria, Uchachu na Risasi

Ilielezwa katika sehemu iliyotangulia kwamba alumini si kitu kigeni kilicholetwa na viwanda, kwa kuwa ndiyo metali iliyo nyingi kuliko zote katika gamba la dunia, ikichukua takribani asilimia 8 ya uzito wake, na kwamba mkulima wa Mugamba au Bututsi, huko Burundi, huikanyaga kila siku katika udongo wa vilima vyake. Udongo huo unapokuwa na uchachu mkali, yaani kipimo chake cha pH kinaposhuka chini ya 5.5 hivi (kipimo hiki huanzia 0 hadi 14, na kadiri namba inavyopungua ndivyo uchachu unavyozidi), alumini iliyofungwa ndani ya mfinyanzi huyeyuka, ikaingia katika maji ya ardhini na kudumaza mizizi ya maharage na mahindi. Ndiyo sababu wataalamu wa kilimo nchini Burundi, wakiwemo wa taasisi ya utafiti ya ISABU, wameshughulika sana na suala la kutia chokaa mashambani. Kanuni hiyo moja, kwamba alumini hutulia pasipo na uchachu na huachiliwa palipo nao, hutawala pia sufuria iliyo mekoni katika nyumba za Bujumbura.

Alumini haina kazi yoyote inayojulikana katika mwili wa binadamu. Katika kiasi kinacholiwa, karibu chote hupita tumboni na kutoka na choo, na kinachofyonzwa na utumbo kwa kawaida huwa kati ya asilimia 0.1 na 0.3, ingawa asidi ya sitriki, ile iliyomo katika ndimu na machungwa, huweza kukiongeza. Kile kidogo kilichoingia katika damu huondolewa na figo kupitia mkojo, na mabaki hujikusanya zaidi katika mifupa. Ni kwa sababu hiyo ushahidi mzito kuliko wote wa madhara ya alumini ulitoka kwa watu ambao figo zao zilikuwa zimekufa. Mwaka 1976 daktari Allen Alfrey na wenzake wa Denver, Marekani, walichapisha uchunguzi wa wagonjwa waliokuwa wakisafishwa damu kwa mashine, ambao walianza kushindwa kutamka maneno, wakapatwa na degedege na kupotewa na akili hadi kufa, na ambao ubongo wao ulikutwa na alumini nyingi kupita kiasi, iliyotokana na maji ya mashine na dawa za alumini walizokuwa wakimeza ili kupunguza fosfati mwilini. Miaka 20 baadaye, mwaka 1996, katika kisiwa cha Curaçao, bomba jipya lililokuwa na saruji kwa ndani lilipeleka maji yenye alumini katika kituo cha kusafishia damu, na wagonjwa 10 wakafariki. Yeyote anayeishi na ugonjwa wa figo, pamoja na wanaompikia, ana sababu ya kuyasoma makala haya kwa uangalifu kuliko wengine, na hapaswi kutumia dawa za kiungulia zenye haidroksidi ya alumini bila daktari wake kujua.

Kuhusu ugonjwa wa Alzheimer, ule unaofuta kumbukumbu za wazee, shaka ilienea katika miaka ya 1970, baada ya watafiti wa Toronto kuripoti mwaka 1973 kwamba walikuta alumini nyingi katika ubongo wa baadhi ya waliokufa kwa ugonjwa huo. Tafiti zilizofuata zimegongana, na hadi leo haijathibitishwa kwamba alumini ya chakulani husababisha ugonjwa huo kwa mtu mwenye figo nzima. Si haki, basi, kumtwika mama wa nyumbani lawama ya usahaulifu wa baba mkwe wake kwa sababu tu ya sufuria aliyopikia.

Kamati ya pamoja ya wataalamu wa Shirika la Afya Duniani na Shirika la Chakula na Kilimo iliweka mwaka 2011 kiwango cha miligramu 2 za alumini kwa kila kilo ya uzito wa mwili kwa juma, maana yake mtu mzima wa kilo 70 asizidishe miligramu 140 kwa juma, na mtoto wa kilo 15 asizidishe 30. Maji na chai havimkaribishi mtu kwenye mpaka huo. Shabu, yaani chumvi ya alumini inayotumika duniani kote kutuliza tope katika mitambo ya maji, ikiwekwa kwa utaratibu haiachi zaidi ya miligramu 0.2 kwa lita; nao mchai, mmea unaopenda udongo mchachu kama wa Teza na Rwegura na kujaza alumini katika majani yake yaliyokomaa, hutoa katika kinywaji miligramu chache tu kwa lita, tena katika hali ambayo utumbo huifyonza kwa shida.

Penye jambo zito ni sufuria. Alumini safi inapokutana na hewa hujifunika papo hapo kwa utando mwembamba mno wa oksidi, na utando huo ndio unaozuia metali isiingie chakulani; lakini nyanya, ndimu, siki na chumvi nyingi huula, magadi na maji ya jivu, ingawa si chachu, huula pia, na mpishi anayesugua sufuria kwa mchanga au stiliwaya mpaka ing'ae kama kioo huuondoa kwa mikono yake mwenyewe. Maharage yaliyochemka kwa maji matupu hayana uchachu mkubwa. Mchuzi wa samaki aina ya mukeke uliotiwa nyanya na ndimu, ukaachwa humo humo ulale hadi asubuhi, ni habari nyingine.

Tena sufuria zote si za aina moja. Ile nyepesi ya kiwandani hutengenezwa kwa bati la alumini ambalo michanganyiko yake hujulikana, ilhali ile nzito ya kusubu, inayopendwa kwa kudumu na kwa bei yake nafuu, huzaliwa katika karakana za mafundi wa vyuma chakavu: pistoni za injini, vipande vya rejeta, fremu za madirisha, makopo ya vinywaji na vifaa vya umeme vilivyoharibika hurundikwa pamoja katika chombo juu ya mkaa unaopulizwa, takataka zinazoelea zikaenguliwa, kisha uji huo wa metali ukamiminwa katika kalibu ya mchanga mbichi iliyochapwa umbo la sufuria ya zamani, na baada ya kupoa kingo zikapigwa tupa. Kazi hiyo inastahili heshima, kwa kuwa hulisha familia nyingi na kuokoa mali ambayo ingetupwa. Lakini tanuri halibagui: risasi iliyokuwa katika lehemu ya rejeta huyeyuka pamoja na alumini, na macho ya fundi hayawezi kuiona.

Jeffrey Weidenhamer wa Chuo Kikuu cha Ashland, Marekani, pamoja na wenzake, walichapisha mwaka 2017 vipimo vya vyombo 42 vya alumini kutoka nchi 10, zikiwemo Kenya na Tanzania. Walichemsha ndani yake asidi hafifu inayofanana na siki kwa saa mbili, wakakuta wastani wa miligramu 125 za alumini kwa mlo mmoja, na zaidi ya theluthi ya vyombo hivyo vilitoa risasi ya kutia wasiwasi. Ni kweli kwamba jaribio hilo ni kali kuliko mapishi mengi ya nyumbani, na namba ya alumini isomwe kwa kuzingatia hilo. Risasi haina nafuu ya namna hiyo, kwani Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiasi chake kinachojulikana kuwa salama. Hufyonzwa na utumbo wa mtoto kwa wepesi kuliko wa mtu mzima, na hudhoofisha uwezo wa kujifunza bila kuonyesha dalili ambayo mzazi angeitambua. Mazungumzo kuhusu sufuria yamekaa mno kwenye alumini, na kwa mtoto wa Bujumbura hatari kubwa zaidi huenda ikawa ile metali nyingine inayosafiri nayo.

Nyumbani, hatua ya kwanza haigharimu kitu: chakula chenye nyanya au ndimu kihamishwe kwenye bakuli la udongo, kigae au plastiki ngumu ya chakula mara kinapoiva, na sufuria ioshwe kwa kitambaa na sabuni, weusi wake wa ndani uachwe. Sufuria ya kusubu isitumike kwa uji wa mtoto mchanga wala chakula cha mgonjwa wa figo. Mwenye uwezo atafute moja ya chuma kisichoshika kutu kwa ajili ya michuzi. Asiye nao akumbuke chungu cha Wabatwa, wafinyanzi ambao soko lao lilivunjwa na alumini na plastiki hizi hizi, na ambao vyungu vyao visivyopakwa rangi ya kung'aa hufaa kwa maharage kama vilivyofaa kwa vizazi vilivyopita.

Kilichobaki hakiko mikononi mwa mpishi. Idara ya viwango ya Burundi, BBN, ndiyo yenye mamlaka ya kupima vyombo vinavyouzwa sokoni, na mafundi wanaweza kufundishwa kutenga rejeta na vifaa vya umeme kabla ya kuwasha tanuri, jambo linalohitaji semina chache na pesa kidogo. Sehemu ya tatu itaeleza namna risasi inavyopimwa katika damu ya mtoto na lishe inayopunguza kufyonzwa kwake.