Njia Ndefu ya Mganga wa Wanyama

Ndugu wasomaji, na hasa ninyi wanafunzi mlio karibu kumaliza masomo ya sekondari, nataka kuwapa habari za kijana mmoja niliyemfundisha hesabu. Baba yake ni mfugaji katika milima ya Masisi, naye tangu utoto alipenda kukaa na ng'ombe kuliko kukaa na watu. Alipopata diploma yake, mjomba wake aliyehamia Marekani alimchukua ili aendelee na masomo huko. Nia yake ilikuwa moja tu: kuwa mganga wa wanyama. Miaka kadhaa ikapita, kisha nikapokea barua yake. Aliandika hivi: «Mwalimu, nimechelewa mwaka mzima, wala sikushindwa mtihani hata mmoja.»

Maneno hayo yalinishangaza. Mtu huchelewaje pasipo kushindwa? Nilipoisoma barua yote nikafahamu, na kwa kuwa jamaa nyingi zetu zina watoto huko siku hizi, naona yafaa na wengine wafahamu.

Kwetu, kijana mwenye diploma ya serikali akitaka kazi hiyo anakwenda Lubumbashi, katika chuo kikuu, anaingia moja kwa moja kwenye kitivo cha uganga wa wanyama. Ratiba yake imekwisha kupangwa na wakubwa. Kazi yake ni kufuata. Nairobi na Morogoro ni vivyo hivyo. Lakini Marekani mambo ni mengine. Huko kijana huingia kwanza chuo cha kawaida, ambako wengi hukaa miaka 4 na kupata shahada ya kwanza. Baada ya hapo ndipo anapoomba nafasi katika chuo cha uganga wa wanyama, asome miaka 4 mingine. Jumla ni miaka 8. Na katika ile 4 ya kwanza hakuna darasa lenye jina la uganga. Anapewa orodha nene ya masomo, naye huchagua mwenyewe. Uhuru huo ni mtamu, na ndani yake ndimo mwanafunzi wangu alimojikwaa.

Vyuo vya uganga wa wanyama huko ni zaidi ya 30, na kila kimoja kina orodha yake ya masomo ya sharti. Orodha hizo zafanana kama watoto wa mama mmoja, lakini si sawasawa. Nyingi zataka biolojia, kemia na fizikia, pamoja na kazi za maabara. Nyingi huongeza jenetiki, elimu ya vijidudu, takwimu na uandishi wa Kiingereza. Chuo kimoja kitataka kemia ya kaboni ya mihula miwili, jirani yake ataridhika na mmoja; kingine kitauliza habari za lishe ya mifugo, ambayo mwenzake hakuitaja kabisa. Asiyezisoma orodha za vyuo anavyovitaka mapema, huenda akagundua mwishoni kwamba amekosa somo moja, na somo moja linatosha kufunga mlango.

Lakini shida kubwa haimo katika wingi wa masomo. Imo katika utaratibu wake. Kemia ya mwanzo huchukua mihula miwili, yaani mwaka mzima. Pasipo hiyo, mtu haruhusiwi kuingia kemia ya kaboni, ambayo kwa kawaida huchukua mwaka wa pili. Na pasipo hiyo ya pili haruhusiwi kuingia biokemia. Ni ngazi, huwezi kuruka kipandio, wala kupanda vipandio viwili kwa mguu mmoja, hata uwe na akili namna gani.

Basi kijana wetu alifanya nini? Alipofika chuoni alipewa mtihani mdogo wa hesabu. Mtihani huo hauna kushinda wala kushindwa. Kazi yake ni kumpanga mtu mahali pake. Aliuandika bila kujitayarisha, kwa Kiingereza ambacho bado kilikuwa kigeni kwake, akapangwa chini. (Mimi niliyemfundisha hesabu, niliposoma hapo niliona haya kidogo.) Mshauri mmoja akamwambia aanze na masomo mepesi mpaka lugha ikomae: historia, uchoraji, habari za jamii. Shauri hilo halikuwa baya kwa mwenye nia nyingine. Mwaka wa pili akaenda kujiandikisha kwa kemia, akaambiwa: «Hesabu kwanza.» Kemia akaianza mwaka wa tatu, ile ya kaboni mwaka wa nne, na biokemia ikaangukia mwaka wa tano. Alama zake zote zilikuwa nzuri. Lakini wakati ulikuwa umemponyoka.

Mimi nawashauri wanaokwenda huko wahesabu njia kinyume, kuanzia mwisho. Tuseme kijana anataka kuingia chuo cha uganga mwezi wa nane wa mwaka 2030. Maombi yanapaswa kufika katikati ya mwezi wa tisa wa mwaka 2029, karibu mwaka mzima kabla. Vyuo vingi huita watu kwa mahojiano katika miezi ya baridi, na aliyekubaliwa hujibu mpaka tarehe 15 ya mwezi wa nne. Kwa hiyo wakati wa kuomba inafaa masomo mengi ya sharti yawe yamekwisha, yabaki machache ya kumalizia. Biokemia basi iwe mwaka wa tatu, 2028. Kemia ya kaboni mwaka wa pili, 2027. Kemia ya mwanzo pamoja na biolojia mwaka wa kwanza, 2026, muhula wa kwanza kabisa. Fizikia na takwimu zinaweza kuingia katikati penye nafasi. Na ule mtihani mdogo wa hesabu? Ujitayarishe kwa ajili yake kabla hujafungua sanduku lako la nguo.

Wazazi wengine watauliza: mtu atakayemtibu mbuzi ana haja gani na kemia nyingi namna hii? Mtazameni ng'ombe wa maziwa aliyezaa juzi. Maziwa anayoyatoa yanashinda chakula anachoweza kula, basi mwili huanza kuyeyusha mafuta yake wenyewe. Ini likizidiwa hutoa vitu viitwavyo ketoni, navyo vikijaa katika damu ng'ombe huacha kula, maziwa hupungua, na watu wengine husikia harufu tamu katika pumzi yake. Asiyejua biokemia ataona tu ng'ombe aliyekonda. Au mtazameni paka. Kidonge cha parasetamoli anachomeza mtu akiumwa kichwa chaweza kumwua paka, kwa sababu ini lake halina nguvu ya kuiondoa dawa hiyo mwilini.

Shahada ya kwanza yenyewe si lazima iwe ya biolojia. Yaweza kuwa ya kilimo, ya historia, hata ya muziki, mradi masomo ya sharti yamo na alama ni nzuri. Nawaona wengi wakigombana na watoto wao juu ya jina la shahada, na huku hawaulizi kama kemia imeanza. Tena mzazi asidhani ni kazi ya wana wa kiume tu: katika vyuo hivyo leo wasichana ni wengi kuliko wavulana kwa mbali.

Wala watoto wetu si wa kwanza wenye ngozi nyeusi kuipita njia hii. Frederick Patterson, aliyezaliwa mwaka 1901, alibaki yatima angali mdogo, akalelewa na dada yake. Alipata shahada ya uganga wa wanyama katika jimbo la Iowa mwaka 1923. Baadaye akawa mkuu wa chuo cha Tuskegee katika jimbo la Alabama, na mwaka 1945 akaanzisha hapo shule ya uganga wa wanyama, wakati ambapo vijana weusi walifungiwa milango mingi. Wanafunzi wa kwanza walimaliza mwaka 1949, na mmoja wao alikuwa mwanamke, Alfreda Johnson Webb. Shule hiyo ingaliko, na sehemu kubwa ya waganga weusi wa wanyama wa Marekani walisomea hapo.

Habari za fedha nitazisema kwa ufupi: vyuo vya majimbo huwapa nafasi nyingi wakaaji wa jimbo lenyewe, tena kwa karo nafuu, basi mtu aangalie kwanza cha karibu naye.

Liko jambo jingine lililomfurahisha mwanafunzi wangu. Katika maombi mtu huulizwa amefanya kazi saa ngapi chini ya mganga wa wanyama, na mganga huyo mara nyingi hutakiwa amwandikie barua ya ushuhuda. Kwa ajili hiyo kijana wetu anafanya kazi kila Jumamosi kwa mganga mmoja wa mashambani, akiosha vyombo na kushika miguu ya ndama. Lakini iko sehemu ya pili, mbali na ile: saa ambazo mtu amekaa na wanyama tu, akiwalisha na kuwachunga, hata pasipo mganga. Hapo ana mengi ya kuandika. Katika barua yake ya mwisho aliniomba nipande mlimani kwa baba yake, nimwulize alimkabidhi fimbo mwaka gani, na siku hiyo zizini walikuwamo ng'ombe wangapi. Mzee alihesabu kwa vidole, akiwataja kwa majina, mmoja mmoja. Walikuwa 14.