Kazi ya Kukodoa Macho

Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Jeshi la Anga la Uingereza lilirusha ndege zenye rada juu ya Atlantiki kusaka nyambizi za Kijerumani. Mtazamaji wa rada alikaa saa nyingi mbele ya kioo akingoja kinukta cha mwanga ambacho mara nyingi hakikutokea kabisa. Swali likafikishwa kwa watafiti wa Cambridge: mtu akae hapo muda gani kabla hajaanza kupitwa?

Mmoja wao, Norman Mackworth, alitengeneza saa isiyo na namba. Mshale wake uliruka hatua ndogo kila sekunde na, mara chache bila kutabirika, uliruka maradufu. Aliyeona mruko huo alibonyeza kitufe. Basi, kwa saa mbili hiyo ndiyo kazi yote.

Matokeo aliyoyachapisha mwaka 1948 bado yanashtua. Umakini haukungoja saa ya pili ndipo upungue. Ulianza kushuka ndani ya nusu saa ya kwanza, kwa watu wazima wenye afya waliojua wanachokitafuta. Waliofanya kazi nusu saa na kupumzika nusu saa hawakushuka hivyo. Vilevile walioambiwa kila mara kama wamepata au wamekosa.

Kwa miaka mingi wengi waliamini kwamba kazi ya namna hii ni nyepesi mno, kwamba akili husinzia kwa kukosa cha kufanya. Mwanasaikolojia Joel Warm na wenzake hawakuridhika na maelezo hayo. Waliwaomba watazamaji wapime wenyewe uzito wa kazi yao, kwa kipimo kilichobuniwa na shirika la anga la Marekani, NASA. Majibu yakawa ya mzigo mkubwa na msongo. Mtiririko wa damu kwenye ubongo nao ulipungua kadiri umakini ulivyopungua, hasa upande wa kulia. Mtafiti mwingine, Raja Parasuraman, alikuwa ameshaonyesha mwaka 1979 kwamba hali huwa mbaya zaidi pale vitu vinapopita kwa kasi na mtazamaji akalazimika kukumbuka kilichotangulia ili akilinganishe na kilichopo. Kuchoshwa na kazi ileile kupo, sikatai. Lakini kutulia kitini hakumaanishi kwamba ubongo umetulia.

Mwaka 2022 watafiti wa Paris waliwapa watu kazi ngumu za akili kwa zaidi ya saa sita. Jioni, sehemu ya mbele ya ubongo ilikuwa imelimbikiza glutameti nyingi zaidi, kemikali ambayo seli za neva hutumia kupashana habari, kuliko kwa waliopewa kazi rahisi. Waliofanya kazi ngumu wakaanza pia kuchagua malipo madogo ya papo hapo badala ya makubwa ya baadaye.

Katika viwanja vya ndege vya Umoja wa Ulaya, mkaguzi wa mizigo kwa kawaida hatazami picha za eksirei zaidi ya dakika 20 mfululizo, kisha hukaa angalau dakika 10 bila kuzitazama. Kwetu, mlinzi wa chumba cha kamera anaweza kupewa zamu ya saa kumi na mbili, na akipitwa na kitu alfajiri anaitwa mzembe. Hiyo ni dhuluma. Walinzi wawili wanaopokezana, mmoja kwenye skrini na mwingine getini, wanaweza kubadilishana kila nusu saa bila mwajiri kununua chochote.