SUNGURA NDANI YA MAHARAGI: TUFANYE NAMNA GANI?

Ndugu wanafunzi, mbele ya kusema «ni sungura», tuangalie vizuri. Mbuzi anararua majani ovyo. Sungura wa pori anakata shina changa kwa mshazari, sawa vile kwa kisu, na anaacha mavi madogo ya mviringo.

Tusipoteze nguvu kutafuta shimo lake: hachimbi. Muchana analala ndani ya majani marefu, usiku anakuja kula. Mimba yake ni siku karibu 42, na watoto wanazaliwa na manyoya, macho wazi. Kwa hiyo kuua mmoja hakumalizi kazi. Nyumba yake ni majani. Basi tumunyime nyumba. Mbele ya kupanda, tukate majani pembeni ya shamba, hatua 10 kila upande. Kisha tujenge lupango ya matete, kimo metre 1, iliyokazwa mpaka chini. Mutego tuuangalie kila asubuhi.

Lakini sumu, hapana! Kuku, mbwa na bundi wanaikufia. Na mutoto akiokota sungura wa sumu, mama atamupika jioni. Maharagi tutapanda tena. Mutu hapandwi tena.