Samaki mmoja, majina matatu kwenye meza ya Kigobe

BUJUMBURA. Kwa mgeni anayetoka Kigoma, kinachomshangaza kwanza katika nyumba za wageni za Kigobe si kitanda wala bustani. Ni sahani. Anashauriwa kuagiza mukeke, jina asilolijua, na baada ya kusubiri sana analetewa samaki aliyepasuliwa, akachomwa kwa mkaa na kutandazwa vitunguu, huku ndizi za kukaanga zikiwa pembeni. Akimtazama vizuri anamtambua: ni mgebuka, yule yule anayeshushwa na wavuvi Kibirizi. Mzambia wa Mpulungu angemwita bukabuka.

Kigobe ni mtaa wa kaskazini mwa Bujumbura, na ndipo lilipo jengo la Bunge la Burundi. Ingawa makao makuu ya kisiasa yalihamishiwa Gitega kwa sheria ya mwaka 2019, Bujumbura imebaki kuwa mji wa biashara, na mikutano mingi bado inafanyika hapa. Ndiyo maana mtaa huu una nyumba za wageni zilizotulia, nyingine zikiwa ndani ya uzio wa nyumba za kawaida za makazi, zenye miti ya matunda na baraza la kulia chakula. Asubuhi jua hutokea juu ya vilima vya mashariki. Jioni huzama ng'ambo ya ziwa, nyuma ya milima ya Kongo.

Kiamsha kinywa nacho kina somo lake. Kahawa ni arabika, zao linalolimwa kwa wingi katika maeneo ya Kayanza na Ngozi. Juisi inaitwa marakuja; Mtanzania akionja anasema ni pasheni. Mchana huja isombe, ambayo ni kisamvu, pamoja na ubugari na ibiharage, maneno yasiyohitaji mkalimani. Ndagala ni dagaa. Mtu anaweza kukaa siku tatu Kigobe bila kujua Kirundi wala Kifaransa na asilale njaa.

Burundi ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007. Wakuu wa nchi waliridhia Kiswahili kuwa lugha rasmi ya Jumuiya mwaka 2021. Lakini jikoni undugu huo ulikuwepo zamani, kwa sababu ziwa ni moja. Tanganyika, lenye urefu wa kilomita zaidi ya 650 na kina cha karibu mita 1,470, linagawanywa na Burundi, Tanzania, Kongo na Zambia. Samaki hajui mpaka.

Hapo ndipo utamu wa sahani ya Kigobe unapoingiwa na wasiwasi. Mwaka 2003 watafiti walieleza katika jarida la Nature kwamba kuongezeka kwa joto la maji kumepunguza chakula cha samaki katika ziwa hilo, na kwamba huenda mavuno ya samaki yameshuka kwa takriban asilimia 30. Wavuvi nao wameongezeka, na nyavu za matundu madogo zinakomba hata samaki wachanga ambao hawajazaliana.

Nchi nne zinazolizunguka ziwa zilikubaliana kulipumzisha kwa miezi mitatu kila mwaka. Kwa upande wa Tanzania, uvuvi ulisimamishwa kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, 2024. Kwa mvuvi, hiyo ni miezi mitatu bila kipato alichokizoea. Kwa mpishi wa nyumba ya wageni, ni miezi ya kumweleza mgeni kwamba leo kuna mishikaki ya mbuzi au kuku, samaki asubiri.

Hatua hiyo haina maana ikitekelezwa na nchi moja. Boti za upande mmoja zikifungwa ufukweni huku za upande wa pili zikiwasha taa usiku, anayetii ndiye anayepata hasara. Mamlaka ya Ziwa Tanganyika, yenye makao yake hapa Bujumbura, iliundwa ili nchi hizo zisimamie ziwa kwa pamoja.

Wenye nyumba za wageni wana mizigo mingine pia. Uhaba wa mafuta ulioisumbua Burundi miaka ya karibuni hupandisha gharama ya kila kitu kinachobebwa na gari, na umeme ukikatika jenereta haliwaki kwa maneno. Mpaka na Rwanda ulifungwa Januari 2024, na wageni waliokuwa wakija kwa basi kutoka Kigali wakakosa njia hiyo.

Hata hivyo meza bado inaandaliwa. Anayetoka Kigoma hupitia Manyovu, anapanda na kushuka vilima, na jioni anakuwa Kigobe akisubiri samaki wa ziwa lile lile alilolala kando yake jana. Iwapo mwanawe naye atamkuta samaki huyo mezani, kwa jina lolote lile, litategemea mataa yatakayozimwa ziwani mwezi Mei, pande zote nne.