Blauzi ya Kaskazi, Blauzi ya Masika

Kalenda za mitindo zinazotoka Ulaya huugawa mwaka mafungu manne na kulipa kila fungu blauzi yake: nyepesi isiyo na mikono, ya mikono ya robo tatu, ya kitambaa kizito, kisha ya kuvaliwa chini ya sweta. Mwanamke wa Dar es Salaam, Tanga au Mombasa akiifuata kalenda hiyo atajikuta na kabati lililojaa nguo za baridi ambayo haiji. Dar es Salaam, joto la mchana mwezi Februari hufika nyuzi 32 hivi. Julai hushuka hadi 28 au 29. Tofauti hiyo ni ndogo kuliko ile ya alfajiri na adhuhuri ya siku moja. Hata hivyo, hakuna mkazi wa pwani asiyejua kwamba Februari na Julai ni dunia mbili, na kwamba Aprili ni dunia ya tatu. Kinachozitofautisha ni unyevu wa hewa, upepo na mvua, zaidi ya joto lenyewe. Ndiyo maana nasema kwamba huku kwetu blauzi ya msimu ichaguliwe kwa namna inavyolipokea jasho na inavyoliachia. Urefu wa mkono, rangi na ule wepesi tunaoupima kwa vidole viwili dukani vinakuja baadaye.

Mwili hujipoza kwa jasho, lakini jasho linalotiririka mgongoni halipozi chochote. Linalopoza ni lile linalogeuka mvuke juu ya ngozi. Gramu moja ya jasho ikikauka huondoka na takriban kilojuli 2.4 za joto, kiasi kinachotosha kupandisha joto la nusu lita na ushei ya maji kwa nyuzi moja. Sasa, mvuke huo lazima upate pa kwenda. Ukiwa umevaa nguo, kwanza unakutana na hewa iliyonaswa kati ya ngozi na kitambaa, halafu kitambaa chenyewe, ndipo utoke nje. Nje nako kukiwa kumeshiba unyevu, kama asubuhi za Aprili kabla mvua haijanyesha, kazi inazidi kuwa ngumu. Blauzi haiwezi kuigeuza hali ya hewa ya nje. Inachoweza ni kurahisisha au kuziba hizo hatua mbili za kwanza.

Hapo ndipo aina ya uzi inapoingia. Maabara za nguo hupima uwezo wa uzi kufyonza unyevu wa hewa kwenye chumba chenye nyuzijoto 20 na unyevu wa asilimia 65. Katika hali hiyo gramu 100 za pamba kavu hufyonza gramu 8 hivi za maji, kitani na viskosi hufika 12 au zaidi kidogo, hariri 11, na sufu ya kondoo huzishinda zote kwa 16. Nailoni hufyonza 4. Poliesta haifiki hata nusu gramu. Namba hizo zinaeleza jambo ambalo mvaaji hulijua kwa ngozi yake: ndani ya blauzi ya poliesta iliyofumwa kwa kubana, mvuke wa jasho haupati pa kujihifadhi wala njia ya kutosha ya kutokea, kwa hiyo unarudi kuwa maji na nguo inaganda mgongoni. Wengi huvutiwa na shifoni kwa sababu inaonyesha mwili, wakadhani kinachopitisha macho kinapitisha hewa. Inategemea. Shifoni ya poliesta yenye mfumo wa wazi na isiyo na bitana inavumilika. Ile ya mfumo uliobana, yenye bitana chini yake, ni mateso yaliyopambwa.

Kwa kaskazi, basi, kati ya Desemba na Machi, jua linapowaka na upepo upo, jibu halina ugumu: pamba nyembamba iliyofumwa, viskosi, au kitani kama mfuko unaruhusu. Viskosi inastahili sifa zaidi kuliko inavyopewa, maana inalala vizuri mwilini, inafyonza kuliko pamba na inaonekana ya gharama hata isipokuwa ya gharama. Ila ina udhaifu mmoja ambao wauzaji hawautaji: ikilowa hupoteza sehemu kubwa ya nguvu zake. Blauzi ya viskosi iliyofikichwa na kukamuliwa kama taulo itakatika kwenye mshono wa kwapa kabla rangi haijachuja. Ioshwe kwa kuminywa taratibu, ianikwe kivulini, na isivaliwe siku ya kugombania daladala kwenye mvua.

Kuhusu rangi, mazoea yanasema nyeupe ni ya joto na nyeusi ni ya baridi, na kuna ukweli humo: nyeusi hunyonya mionzi ya jua zaidi. Lakini mwaka 1980 watafiti wanne walichapisha katika jarida la Nature matokeo ya jaribio lililofanyika katika jangwa la Negev, wakilinganisha majoho meusi na meupe yanayovaliwa na Mabedui. Joho jeusi lilikuwa la moto zaidi, ndiyo, lakini joto lililoifikia ngozi lilikuwa sawa. Ile ziada ilikuwa ikipotelea hewani kabla ya kufika mwilini, kwa sababu majoho hayo hupwaya na hewa hutembea chini yake. Wanaovaa buibui wana haki ya kulitumia jaribio hilo dhidi ya wanaowahurumia bure barabarani. Walitumie kwa uangalifu tu, kwa sababu jangwa ni kavu na pwani si kavu, na kilicholeta matokeo yale ni kupwaya. Tisheti nyeusi iliyoshika kifua haipati msamaha huo. Joto linalonyonywa na kitambaa kilichogusa ngozi huifikia ngozi kwa urahisi zaidi. Na kwa mwenye buibui, blauzi ya ndani ndiyo inayoamua. Akivaa poliesta juu na poliesta chini, hakuna upepo wa kaskazi utakaomwokoa.

Masika ndiyo msimu unaoitia hoja yangu kwenye mtihani. Mwezi Aprili pamba, mpenzi wetu wa miezi mitatu iliyopita, hugeuka mzigo. Kile kile kinachoifanya ifyonze jasho kinaifanya ishike maji ya mvua na isitake kuyaachia. Tisheti ya pamba nzito, yenye gramu 180 kwa mita ya mraba, inaweza kukaa kwenye kamba siku mbili bila kukauka kwenye pindo na chini ya kwapa, na nguo inayokauka polepole hunuka uvundo, kisha huota vidoa vya koga ambavyo sabuni haivitoi. Mtetezi wa poliesta atauliza: kwa nini basi usikubali kwamba poliesta ndiyo nguo ya masika? Inakauka upesi, haitaki pasi, hairudi, haichuji rangi, na bei yake ni rafiki. Jezi za wanamichezo nazo si ni poliesta?

Swali ni la haki, na sehemu yake naikubali. Jezi nzuri ya michezo hufumwa kwa nyuzi nyembamba mno zilizopangwa ili zilivute jasho kutoka kwenye ngozi na kulitandaza upande wa nje likauke. Huo ni ufundi wa kweli. Lakini blauzi ya ofisini ya poliesta, ile ya krepu inayoning'inia kwenye maduka ya Kariakoo, haikufumwa hivyo. Ina uzi ule ule bila ule ufundi. Halafu kuna harufu. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Ghent, Ubelgiji, walichapisha utafiti wa watu 26 waliofanya mazoezi ya baiskeli wakiwa wamevaa tisheti za pamba, za poliesta na za mchanganyiko. Baada ya nguo kukaa kwa zaidi ya siku nzima, za poliesta zilinuka vibaya kuliko za pamba, na bakteria wa jamii ya Micrococcus walionekana kustawi hasa kwenye poliesta. Anayetoka Gongo la Mboto saa kumi na moja alfajiri na kurudi usiku anajua maana ya matokeo hayo bila kufafanuliwa.

Jibu la masika naona liko katikati. Chukua pamba, lakini nyembamba kabisa na iliyofumwa, si ya vitanzi kama fulana. Kitambaa cha gramu 80 hadi 110 kwa mita ya mraba hukauka kwa muda mfupi sana ukikilinganisha na tisheti. Au chukua mchanganyiko wa pamba na poliesta wa aina ya mashati ya sare za shule, ambao wanamitindo huudharau. Unalainika kidogo kwa pamba, unakauka kidogo kwa poliesta, na hauhitaji pasi siku ambayo umeme umekatika. Mikono iwe mifupi au ya robo tatu, maana mkono mrefu uliolowa kwenye kiwiko hauna raha. Rangi ziwe za kati au zenye maua: tope la barabara za Mbagala halina heshima kwa nyeupe, na nyeupe ya pamba ikilowa huonyesha kila kilichomo.

Vuli haina mengi ya kuongeza. Mvua zake ni za vipindi, jua hurudi, na nguo za masika zinatosha. Kipupwe, Juni hadi Agosti, ndio wakati pekee ambapo mkazi wa pwani anaweza kuvaa blauzi ya popilini nzito, ya mikono mirefu na kola, bila kujutia saa saba mchana. Kusi huvuma, hewa hupungua unyevu, jasho hukauka lenyewe. Aliyenunua blauzi ya poliesta kwa mapenzi ya rangi yake na aivae sasa.

Bara ni hesabu nyingine. Njombe na Makete, Mbeya, Lushoto, na Nairobi iliyo karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, zina baridi ya kweli. Julai Nairobi asubuhi hushuka hadi nyuzi 11 au 12 na jua linaweza lisionekane hadi mchana. Huko watu wengi hukimbilia sweta moja nene ya akriliki juu ya blauzi yoyote ile. Kinachotia joto ni hewa iliyotulia kati ya nguo na nguo, zaidi ya unene wa kitambaa, kwa hiyo tabaka mbili nyembamba huishinda sweta moja, na zinaweza kuvuliwa moja moja jua likitoka saa sita. Tabaka la ndani liwe kavu muda wote. Anayepanda kilima cha kwenda kazini akitoka jasho ndani ya pamba nzito atatetemeka akikaa, kwa sababu maji yale yaliyobaki kwenye kitambaa yataendelea kumpoza hata asipotaka.

Jambo hilo hilo humpata mfanyakazi wa Posta au Upanga, Dar es Salaam, bila mlima wowote. Hushuka kwenye basi la mwendokasi mgongo umelowa, akaingia kwenye ofisi yenye kiyoyozi kilichowekwa nyuzi 20. Hapo huwa tunaambiwa tubebe kardigani. Kardigani juu ya blauzi iliyolowa huufungia unyevu ndani. Afadhali blauzi ikauke kwanza kwa dakika kumi, ndipo mtandio au kardigani ivaliwe. Na hilo linawezekana tu kama blauzi ni ya kitambaa kinachoachia. Kwa hiyo wanaodai kwamba kiyoyozi kimeyafuta majira na kuufanya uchaguzi wa kitambaa kuwa mambo ya kizamani, naona wamekosea upande. Kiyoyozi kimetuletea misimu miwili kwa siku moja.

Kuna uharibifu unaofanyika baada ya kitambaa kizuri kuchaguliwa, na unafanyikia kwa fundi cherehani. Mteja hupeleka kitenge cha pamba tupu, kilichogharimu pesa nzuri, akarudishiwa blauzi iliyotiwa bitana ya poliesta kuanzia bega hadi kiunoni, na kifuani imegandishiwa kitambaa kigumu kwa pasi ili ikae wima. Kwa nje ni pamba; ngozi inaguswa na poliesta. Hakuna sababu ya kiufundi ya kutia bitana kwenye kitenge, kwa kuwa hakionyeshi mwili na kina uzito wa kujisimamia. Mwambie fundi mapema: bitana iwe kwenye kola na pindo la mbele tu, au ikilazimika iwe ya pamba nyepesi. Mwambie pia aache sentimita 8 hadi 10 juu ya kipimo chako cha kifua na asiupandishe mkato wa kwapa hadi ukabana, maana sehemu hiyo ndiyo inayolowa kwanza na kuchanika kwanza. Atasema mtindo wa sasa ni wa kubana. Mtindo wa kubana uvaliwe Julai.

Limebaki pingamizi la bei, ambalo ndilo zito kuliko yote. Pamba na kitani, watu husema, ni vya wenye uwezo. Mnyonge anavaa kilichopo. Ni kweli kwa nguo mpya. Kwenye mitumba hali ni tofauti, kwa sababu kwenye masoko ya Karume, Gikomba au Kongowea nguo hupangwa bei kwa muonekano, jina na kama ina doa, na mara chache kwa uzi wake. Blauzi ya kitani iliyokunjamana huuzwa chini ya krepu ya poliesta inayong'aa, kisa tu haikupigwa pasi. Tafuta kilebo cheupe kwenye mshono wa ubavuni, chini ya kwapa la kushoto mara nyingi, ambacho nchi nyingi zinakotoka nguo hizo huwalazimisha watengenezaji kukishona, na usome asilimia kabla ya kusoma jina la kampuni. Kilebo kikiwa kimekatwa, angalia ndani ya pindo la chini ambako huachwa nyuzi za ziada, uombe kuchomoa moja, uiguse kwa kiberiti mbali na nguo. Pamba na viskosi huwaka kama karatasi na kuacha jivu jepesi linalopeperuka. Hariri na sufu hunuka nywele zilizoungua. Poliesta hujikunja, huyeyuka na kuacha kidonge cheusi kigumu ambacho hakivunjiki kati ya vidole. Subiri kipoe kwanza.