P. K. Rosy: Mwigizaji, Uhusika na Tabaka katika Sinema ya Awali ya Kimalayalam

P. K. Rosy ndiye mwigizaji mkuu wa kike wa *Vigathakumaran*, filamu bubu ya J. C. Daniel inayotambuliwa kuwa ya kwanza katika sinema ya Kimalayalam. Watafiti huiweka filamu hiyo kati ya mwaka 1928 na 1930, katika dola ya Travancore, kusini mwa India. Rosy alitoka katika jamii ya Wapulaya, iliyohesabiwa miongoni mwa jamii zisizoguswa, na alikuwa ameigiza Kakkarissi, maonesho ya jadi ya eneo hilo. Katika filamu alipewa uhusika wa Sarojini, mwanamke wa Kinair, yaani wa tabaka la juu.

Uhusika huo ndio uliokuwa kiini cha mgogoro. Filamu ilipooneshwa katika ukumbi wa Capitol, Trivandrum, watazamaji wa matabaka ya juu walighadhibika na kuvuruga onesho. Hawakumtenganisha mwigizaji na mhusika: kwao, Mpulaya kuvaa sura ya Mnair kulikuwa kuvuka mpaka wa tabaka. Rosy alilazimika kuukimbia mji, wala hakuigiza tena katika filamu.

Nakala za filamu zimepotea. Tangu 1992, serikali ya jimbo la Kerala imekuwa ikitoa tuzo yenye jina la Daniel. Jina la Rosy lilipewa chama cha filamu cha wanawake mwaka 2019. Hivyo, utabaka uliokatisha kazi yake uliathiri pia namna historia ilivyomkumbuka.